Kurudi Jimu Baada ya Kukaa Nje Muda Mrefu: Wiki 12 za Kuanza Upya Bila Kujiumiza

Mtu ambaye hajawahi kushika chuma huja jimu na woga, na woga ule humlinda. Anayerudi baada ya mwaka mzima hana woga. Ana namba kichwani: skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) kilo 80, benchi (kulala na kusukuma chuma juu) kilo 70, pushapu 50 bila kupumzika. Namba hiyo ndiyo inayomvunja. Nafundisha mazoezi hapa Kampala, na wengi niliowaona wakiumia wiki ya kwanza hawakuwa wageni wa jimu. Walikuwa wenyeji waliorudi.

Nami nilikuwa mmoja wao. Jimu zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikaa zaidi ya mwaka bila kugusa chuma. Siku niliyorudi nilijiona mzima kabisa: sina kitambi, napanda ngazi bila kuhema. Nikafanya mikono tu, kwa kuwa ndiyo niliyoiona imepungua kwenye kioo. Seti 12 za kukunja mkono kwa uzani wangu wa zamani (seti ni mafungu ya marudio kabla ya kupumzika), na kijana mmoja akanishikia nondo, kile chuma kirefu cha kunyanyulia, kumalizia marudio yaliyonishinda. Usiku ule sikuhisi kitu. Kesho yake viwiko viligoma kunyooka. Siku ya tatu mikono ilikuwa imevimba hadi shati halipiti, sikuweza kufikisha kijiko mdomoni, na mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai kavu. Daktari alipouona hakuuliza mengi. Nililazwa siku nne na dripu mkononi. Msuli ukichanika kupita kiasi humwaga protini yake kwenye damu, na figo hupata taabu kuichuja. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza figo kwa ajili ya mazoezi ya saa moja.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu kirefu. Usome wote kabla hujavaa raba.

KILICHOPUNGUA NA KILICHOBAKI

Mwili haupotezi vyote kwa mwendo mmoja, wala haurudishi vyote kwa mwendo mmoja. Ukilielewa hili, mengine yote hapa chini yatajieleza yenyewe.

Pumzi ndiyo hutangulia kuondoka. Ndani ya wiki mbili tu za kukaa, maji ya damu hupungua, moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo, na kile kilima ulichokuwa ukikipanda ukiongea sasa unakipanda umenyamaza. Habari njema ni kwamba pumzi huanza kurudi mapema pia.

Nguvu hukaa zaidi. Kwa wiki tatu hivi za kwanza hupungui sana, kisha mteremko unaanza polepole. Na msuli uliowahi kujengwa hujengeka tena haraka kuliko ulivyojengeka mara ya kwanza. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, walitoa matokeo ya makundi mawili: moja lilinyanyua vyuma wiki 20 mfululizo, jingine likanyanyua wiki 10, likapumzika wiki 10, kisha likarudi wiki 10. Waliopumzika walifikia tena kiwango chao cha kabla ya mapumziko katika takriban wiki tano, na mwishoni makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Kwa hiyo usiomboleze ulichopoteza. Kinarudi.

Hatari iko kwenye kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa. Kano hupata damu kidogo, hujijenga taratibu, na huchukua miezi pale msuli unapochukua wiki. Matokeo yake ni kwamba karibu na wiki ya nne au ya tano utajisikia simba. Msuli umeamka, pumzi ipo, kichwa kinadai zile kilo 80, na kano bado zimelala. Goti, bega na kisigino huumia hapo, wala si siku ya kwanza.

KABLA YA KULIPA ADA

Pima presha. Inachukua dakika tano kwenye kituo cha afya au duka la dawa lenye kipimo, na wapo watu wengi wenye umri wa miaka 35 na kuendelea wanaotembea na presha ya juu bila kujua. Kaa kitini ukiwa umetulia dakika tano kwanza, usije umetoka kukimbilia taksi. Ukikuta 180 kwa 110 au zaidi, mazoezi yasubiri hadi umwone daktari.

Mwone daktari pia kabla ya kuanza kama umewahi kuumwa kifua ukijitahidi, kama umewahi kuzimia, kama una kisukari au ugonjwa wa moyo, kama umefanyiwa upasuaji, au kama una mimba. Mama aliyejifungua asubiri uchunguzi wa wiki ya sita, na aliyejifungua kwa upasuaji asione aibu kuongeza muda. Nilimwambia mama mmoja aliyekuja na mtoto wa miezi miwili, "Mama, leo hatugusi chuma, leo tunajifunza kupumua na kukaza tumbo la chini." Alikunja uso, lakini alifuata. Mkojo ukikutoka ukiruka au ukikohoa, hiyo ni ishara kwamba misuli ya chini haijawa tayari kubeba uzito. Useme wazi, usiufiche.

Kuna jambo jingine ambalo hapa kwetu halizungumzwi jimu hata siku moja. Watoto wachanga waliopimwa selimundu (sikoseli) kote Uganda kati ya 2014 na 2015, takriban 13 kati ya kila 100 walikutwa na kinasaba kimoja cha ugonjwa huo. Mwenye kinasaba kimoja haumwi, anaishi kama mtu mwingine yeyote, na wengi hawajui kama wanacho. Lakini akijisukuma kwa nguvu nyingi ghafla, kwenye joto, akiwa hana maji mwilini, msuli wake una hatari kubwa zaidi ya kuharibika kama ulivyoharibika wangu. Kama kwenu kuna mtoto au ndugu mwenye selimundu, pima. Ukikutwa nacho huzuiwi kufanya mazoezi. Unatakiwa tu kuongeza mazoezi polepole kuliko wenzako na kunywa maji.

Sasa jipime nyumbani. Chukua kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, kunja mikono kifuani, simama na ukae kwa sekunde 30, uhesabu. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kisha mwingine. Weka mikono ukingoni mwa meza imara, piga pushapu polepole hadi mkao wako uanze kuharibika, uhesabu. Andika namba hizo tatu na tarehe kwenye daftari. Hizo ndizo namba zako mpya. Zile za zamani ziandike ukurasa wa mwisho kabisa, ufunge.

Kuhusu ada: lipa kwa siku kwanza. Jimu nyingi za mtaani hukubali. Ukilipa miezi mitatu kwa pamoja siku ya kwanza, utajikuta unafanya mazoezi ili kufidia pesa. Chagua jimu iliyo njiani kati ya nyumbani na kazini, maana anayelazimika kuvuka foleni ya jioni kwenda upande mwingine wa mji atahudhuria wiki mbili tu.

PA KUANZIA

Hii ni kanuni yangu, na sijamwona aliyeifuata akaumia. Ukikaa nje chini ya wiki tatu, rudi kwenye programu yako, punguza seti moja kila zoezi na upunguze uzani kidogo kwa wiki moja, basi. Ukikaa mwezi mmoja hadi mitatu, anza na nusu ya seti na thuluthi mbili ya uzani. Miezi mitatu hadi mwaka, nusu ya seti na nusu ya uzani. Zaidi ya mwaka, wiki mbili za kwanza tumia uzito wa mwili wako na nondo tupu, ukidhani ile namba ya zamani ilikuwa ya mtu mwingine.

Wapo wanaoona huu ni uoga. Mwaka 2019 vyama viwili vya makocha wa nguvu Marekani, CSCCa na NSCA, vilitoa mwongozo wa pamoja kwa sababu wanamichezo wa vyuo, vijana wa miaka 19 na 20, walikuwa wakiumia vibaya na hata kufa katika siku za mwanzo za kurudi mazoezini. Walisema kazi ipunguzwe kwa asilimia 50 wiki ya kwanza, 30 ya pili, 20 ya tatu na 10 ya nne. Hao ni vijana wanaocheza kila siku. Wewe uliyekaa ofisini miezi tisa huwezi kuanza juu yao.

Tufanye hesabu ya skwati. Tuseme zamani ulikuwa unapiga seti 4 za marudio 10 kwa kilo 80. Kazi yote ni 4 × 10 × 80, kilo 3,200. Baada ya miezi tisa, wiki ya kwanza fanya seti 2 za 10 kwa kilo 40: kilo 800. Wiki ya pili seti 2 kwa kilo 45: 900. Wiki ya tatu seti 3 kwa kilo 45: 1,350. Wiki ya nne seti 3 kwa kilo 50: 1,500. Mwezi umeisha na hujafika nusu ya kazi ya zamani. Hapo ndipo unapotakiwa kuwa.

Neno kuhusu vyuma vyenyewe. Jimu nyingi za mitaa yetu hutumia vyuma vilivyochongwa na mafundi wa Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, vingine vimeandikwa uzani kwa rangi, vingine havikuandikwa kitu. Ni kazi nzuri na imara, lakini chuma kilichoandikwa 10 kinaweza kuwa 9 au 12, na cha kushoto kisilingane na cha kulia. Beba mizani ya kuning'iniza siku moja, upime vile utakavyotumia, uvitie alama. Ukihama jimu, pima upya.

SIKU YA KWANZA

Nitaieleza kama nilivyoifanya na mzee mmoja, askari polisi mstaafu. Mimi nimekulia kota za polisi Nsambya, hapa Kampala, na huko mtu akistaafu cheo hakimtoki. Kwetu bado ni Afande. Alikuwa amekaa miaka sita bila jimu, goti la kulia linamlalamikia akishuka ngazi.

Alifika, akaenda moja kwa moja kwenye nondo.

"Afande, naomba leo tuiache hiyo."

"Kijana, mimi nilikuwa nachuchumaa na kilo mia."

"Najua, Afande. Ndiyo sababu naomba."

Dakika nane za kwanza tulitembea uani kwa kasi, tukazungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu. Lengo ni jasho la kwanza kuonekana kwenye paji la uso. Kujinyoosha kwa kukaa na kuvuta misuli tuliacha hadi mwisho.

Kisha mazoezi matano, kila moja seti 2, mapumziko ya dakika moja na nusu hadi mbili.

La kwanza, skwati ya kukalia benchi. Simama mbele ya benchi miguu ikiwa upana wa mabega, vidole vimefunguka kidogo nje. Rudisha makalio nyuma kama anayetafuta kiti gizani, shuka kwa kuhesabu mpaka tatu, gusa benchi bila kujibwaga, simama. Goti lielekee upande wa vidole, lisianguke ndani. Afande goti lake lilikuwa linaanguka ndani kila mara, na pale ndipo maumivu yake yalipotoka. Tuliongeza urefu wa benchi kwa kuweka ubao juu yake, na goti likatulia. Marudio 8.

La pili, kusukuma: pushapu za mezani au kwenye nondo iliyowekwa usawa wa kiuno. Viwiko visitanuke kama mbawa, vielekee nyuma kidogo. Marudio 8.

La tatu, kuvuta. Mkono mmoja na goti juu ya benchi, mwingine unavuta dambeli nyepesi kuelekea mfuko wa suruali. Kama unakaa kutwa mbele ya kompyuta, hili ndilo zoezi la kupenda kuliko yote. Marudio 10 kila upande.

La nne, kuinama kutoka nyonga. Shika kijiti mgongoni kiguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa mkia. Inama kijiti kisiachane na sehemu hizo tatu. Usishike uzani wowote mpaka uweze kufanya hivyo mara 10 bila kijiti kuondoka.

La tano, kubeba. Hapa sihitaji dambeli. Jerikeni la lita 20 ni mizani ambayo kila nyumba inayo, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Tia lita 8 kila jerikeni, moja kila mkono, tembea mita 30 mgongo umenyooka, tua kwa kupiga magoti kidogo, usitue kwa kiuno. Rudia mara mbili. Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walikuta Uganda ndiyo nchi yenye watu wachache zaidi wasiojishughulisha kimwili, asilimia 5.5 tu, na haikuwa kwa sababu ya jimu. Ni jembe, ni miguu, ni jerikeni. Bibi zetu walilijua zoezi hili kuliko makocha wote.

Katika kila seti, acha ukiwa bado una marudio manne tumboni, yaani ungeweza kufanya manne zaidi. Usimalize zoezi lolote hadi kushindwa katika wiki nne za kwanza.

Yote yalichukua dakika 40. Afande aliniangalia akasema, "Ndiyo hayo tu?" Ukitoka siku ya kwanza unauliza hivyo, umefanya sawasawa.

WIKI NNE ZA KWANZA

Wiki ya kwanza na ya pili, siku mbili tu, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi. Wiki ya tatu na ya nne, siku tatu, zisifuatane. Kila siku mwili mzima, mazoezi yale yale matano. Achana na habari ya siku ya kifua na siku ya mikono kwa sasa. Kukusanya seti nyingi kwenye msuli mmoja mdogo ndiko kulikonilaza mimi.

Andika kila kitu kwenye daftari: tarehe, zoezi, uzani, marudio, na neno moja la ulivyojisikia. Daftari ndilo litakalokubishia siku kichwa kinapotaka kuruka hatua.

Ukikosa siku, endelea pale ulipoachia. Usifidie kwa kufanya mara mbili.

Kama siku fulani hakuna jimu, chumba kinatosha. Aprili 2020, katikati ya kufungiwa ndani, Rais Museveni, mtu wa miaka 75, alirekodiwa akikimbia ndani ya ofisi yake na kupiga pushapu 30. Skwati ya kiti, pushapu za meza na jerikeni mbili hazidai ada wala umeme.

Wenzetu wanaofunga Ramadhani wasiache kabisa, wala wasipandishe uzani mwezi huo. Fanya kitu chepesi saa moja au mbili baada ya futari, ukiwa umeshakunywa maji, na ushikilie ulipofika.

MAUMIVU

Maumivu ya kawaida huanza siku ya pili, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha huondoka. Huwa pande zote mbili, ni mazito na butu, yako katikati ya msuli, na ukitembea kidogo yanalegea. Hayo yavumilie. Tembea, oga maji ya vuguvugu, lala. Mara ya pili na ya tatu yatapungua sana hata ukifanya zoezi lile lile.

Maumivu makali kama sindano, ya upande mmoja, kwenye kiungo, yanayoongezeka kadiri unavyoendelea: acha zoezi hilo siku hiyo. Tafuta namna nyingine isiyoumiza, benchi refu zaidi, uzani mdogo zaidi. Yakikaa zaidi ya wiki mbili, muone mtaalamu wa viungo.

Na haya ni ya hospitali, siku hiyo hiyo: mkojo wa rangi ya chai kavu au soda nyeusi, msuli uliovimba na kukakamaa hadi kiungo hakinyooki, maumivu ya kifua, hasa yanayokwenda bega au taya, kizunguzungu cha kuzimia, moyo kupiga ovyo usitulie hata ukikaa. Usisubiri kuche. Mwambie daktari waziwazi, "Nilirudi mazoezini juzi baada ya kukaa muda mrefu," maana bila hilo anaweza kuanza kutafuta malaria wakati figo zinaendelea kuumia.

Nawasihi sana pia: msimeze dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni ili mwendelee na mazoezi. Dawa hizo ni rahisi kupatikana kila kona, na wengi wanazimeza kama njugu. Figo zinazochuja taka za msuli hazistahili kuongezewa mzigo huo.

VILIMA

Kampala ina bahati ya vilima, na watu wengi hurudi mazoezini kwa kupanda Naguru au Kololo alfajiri. Ni vizuri, lakini sikiliza. Kinachochana msuli zaidi ni kuteremka. Paja hubeba uzito wako huku likirefuka, na kazi ya msuli unaorefuka ukiwa umekaza ndiyo inayoleta maumivu makubwa. Ndiyo maana mtu hupanda kilima akijisikia vizuri, akashuka akikimbia kwa furaha, na kesho yake anashuka ngazi kinyumenyume. Wiki tatu za kwanza panda kwa kutembea na ushuke kwa hatua fupi, au chagua tambarare.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Uweze kusema sentensi nzima, usiweze kuimba. Dakika 20 mara tatu kwa wiki zinatosha kuanzia. Ukifika mwezi wa tatu jumla iwe dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini anachopendekezewa mtu mzima.

SAHANI NA USINGIZI

Matoke na posho (ugali) vitakupa nguvu ya kunyanyua, lakini havitoshi kujenga msuli. Anayerudi anahitaji gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 70 ni gramu 84 hadi 112. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) ya mayai mawili asubuhi, maharage mchana, mukene (dagaa) kwenye mchuzi wa karanga jioni, na glasi ya maziwa: umekaribia sana bila kununua unga wowote wa kopo. Mukene naisisitiza. Ni bei nafuu, ina protini nyingi, na mifupa yake midogo inaleta kalisi.

Usianze mazoezi na kujinyima chakula katika wiki ile ile. Kano zinahitaji kujengwa, na hazijengwi kwa njaa. Kama unataka kupungua, subiri wiki ya tano.

Lala kwa muda wa saa saba au nane kila usiku. Waragi, ile pombe kali, ya Ijumaa usiku inaharibu usingizi wa usiku ule na mazoezi ya Jumamosi.

WIKI YA TANO HADI YA 12

Kama ulianza bila nondo kama Afande, sasa inaruhusiwa. Wiki ya tano hadi ya saba, seti 3 za marudio 8, ukibakiza mawili au matatu tumboni. Ukikamilisha seti zote tatu kwa mkao safi siku mbili mfululizo, ongeza kilo mbili na nusu kwa mazoezi ya mwili wa juu na tano kwa ya miguu, si zaidi. Wiki ya nane punguza kazi kwa nusu hata kama unajisikia mzima. Hasa kama unajisikia mzima, kwa sababu huo ndio wakati kano zinapokutana na tamaa. Wiki ya tisa hadi ya 12, seti ya nne inaongezeka, na unaweza kugawa siku za juu na za chini kama ulizoea.

Wiki ya 12 rudia vile vipimo vitatu vya kiti, mguu mmoja na meza.

HOMA IKIKUKATIZA

Kwa sisi wa hapa, malaria itaingia katikati ya mpango wa mtu fulani. Maliza dawa kwanza. Subiri siku saba bila homa, hamu ya kula irudi, na uweze kutembea nusu saa bila kuchoka. Malaria huweza kupunguza damu na kuvimbisha bandama, hapo chini ya mbavu za kushoto. Bandama iliyovimba inaweza kupasuka kwa kubana tumbo sana au kwa ngumi, kwa hiyo mwombe daktari akuguse pale kabla ya kurudi kwenye skwati nzito au ndondi. Ukiruhusiwa, rudi nyuma wiki mbili kwenye daftari, uanzie hapo.

Afande alipata malaria wiki ya sita. Alirudi wiki ya nne, akasonga polepole, na alipofika wiki ya 12 ya kwenye daftari, mwezi mmoja nyuma ya kalenda, alipiga skwati kilo 62, mara nane, goti limetulia. Aliandika 62 kwa mkono wake, akafunga daftari bila kufungua ukurasa wa mwisho, akaniuliza Alhamisi tunaanza saa ngapi.